Dublin 1916: Aprili walizomewa barabarani, wakawaje mashujaa? Wajuzi wa historia karibuni

#1 Kalamu ya Mbeya
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo la historia ya Ayalandi linanikosesha usingizi. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, nchi ikiwa bado chini ya Uingereza, watu wasiofika hata elfu mbili wanateka majengo kadhaa katikati ya Dublin, makao yao makuu yakiwa Posta Kuu. Patrick Pearse, mwalimu wa shule, anatoka nje anasoma tangazo la Jamhuri mbele ya wapita njia ambao wengi wao hawakuelewa hata anasema nini. Kufikia Jumamosi tarehe 29 wameshasalimu amri, nusu ya barabara kuu ni majivu. Wanaposwagwa na askari kwenda kufungwa, watu wa Dublin wenyewe wanawazomea na kuwarushia chochote kilicho karibu.

Sasa ruka mpaka uchaguzi mkuu wa Desemba 1918. Sinn Féin, chama kinachotaka Ayalandi ijitenge na London, inabeba viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Chama kikongwe cha wabunge wa Kiayalandi, kile cha akina John Redmond kilichotamba miaka yote, kinaambulia viti 6.

Katikati hapo kilitokea nini? Jibu la vitabuni ninalo: Waingereza waliwapiga risasi viongozi, wananchi wakakasirika. Naliona jepesi mno. Karibuni tuchambue.

#2 Mchuzi wa Pweza
Natandika mkeka. Waje wenye nondo.

#3 Msomaji wa Usiku
Mleta mada, jibu jepesi halikosi kuwa sahihi kwa sababu tu ni jepesi. Usitazame idadi ya waliouawa, tazama mwendo wake.

Jenerali Maxwell, mkuu wa majeshi ya Uingereza pale, aliwahukumu kwenye mahakama za kijeshi, milango imefungwa, hakuna wakili wa kuwatetea. Tarehe 3 Mei, alfajiri, gereza la Kilmainham: watatu, Pearse akiwemo. Tarehe 4: wanne. Tarehe 5: mmoja. Wikiendi kimya, watu wakadhani imetosha. Tarehe 8: wanne tena. Tarehe 9 mmoja huko Cork. Tarehe 12 wawili wa mwisho, na mmoja wao James Connolly, ambaye kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjwa na risasi, hawezi kusimama, wakamketisha kwenye kiti wakampiga akiwa ameketi. Kila asubuhi gazeti linakuja na majina. Ungewaua wote siku moja, mji ungelia mara moja ukanyamaza. Hawa waliwaliza siku kumi.

Na kwenye ile orodha ya tarehe 4 yumo Willie Pearse, ambaye wengi wanakubali kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kuzaliwa mdogo wake Patrick. Yumo pia Joseph Plunkett, aliyefunga ndoa na Grace Gifford ndani ya kanisa la gereza saa chache kabla. Gesi ilikuwa imekatika, padri akafungisha kwa mwanga wa mshumaa. Bwana harusi akafunguliwa pingu kwa ajili ya ibada, mashahidi ni askari wenye bunduki. Baadaye wakapewa dakika kumi za kuonana selo, mlinzi kasimama palepale anaangalia saa. Pete Grace alikuwa ameinunua mwenyewe dukani mchana wa siku ile.

Habari kama hiyo ikisharuka mtaani, utaizuiaje?

#4 Fundi Sahihisho
Kabla hatujaenda mbali, tuweke jambo moja sawa. Sinn Féin haikupanga mapinduzi yale. Aliyepanga ni kikundi cha siri, Irish Republican Brotherhood, kilichojipenyeza ndani ya jeshi la kujitolea la Irish Volunteers, kikishirikiana na askari wachache wa Connolly wa chama cha wafanyakazi. Arthur Griffith, mwanzilishi wa Sinn Féin, hata bunduki hakushika wiki ile. Magazeti na serikali ndio waliyaita maasi ya Sinn Féin, jina likaganda, na chama kikavuna shamba ambalo hakikulilima.

La pili: mkuu wa Volunteers, Profesa Eoin MacNeill, alipogundua kwamba watu wake wanatumika, akatangaza kwenye gazeti la Jumapili kwamba mazoezi yote yamefutwa. Ndiyo maana ikawa Jumatatu badala ya Jumapili, na ndiyo maana nje ya Dublin karibu hakuna aliyetoka. Kwa hiyo wale waliojitokeza walijua kabisa wanaenda kushindwa.

#5 Nesi wa Cork
Wapendwa, mimi naishi huku, wacha niwaeleze hao waliozomea ni akina nani hasa.

Wengi walikuwa wake na mama wa askari. Waayalandi kama laki mbili walivaa sare ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwa vijana wa mitaa ya Dublin, ambako familia nzima ilibanana chumba kimoja, jeshi lilikuwa ajira. Mke aliyeachwa nyumbani alilipwa posho ya kutengana na mumewe. Posho hiyo ilichukuliwa posta. Sasa anakuja mwalimu wa shule na wenzake wanateka posta!

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Wiki ileile ya Pasaka, tarehe 27 hadi 29 Aprili, Wajerumani waliwapiga kwa gesi ya sumu askari wa Divisheni ya 16 ya Kiayalandi huko Hulluch, Ufaransa. Walikufa zaidi ya 500. Taarifa za vifo zikaanza kuingia kwenye nyumba zilezile za Dublin huku moshi bado unafuka. Ungekuwa mama yake mmoja wa wale, ungewapigia makofi watu wanaosema Wajerumani ni "washirika wetu mashujaa", maana tangazo la Pearse lilisema hivyo?

Kuna bibi nilikuwa namhudumia kwenye nyumba ya wazee, alikuwa na wajomba wawili. Mmoja alikwenda Ufaransa, mwingine alikuwa na waasi. Nishani ya huyu wa pili ilikuwa kwenye fremu ukutani, imesafishwa inang'aa. Za yule wa Ufaransa zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo na sindano. Nilimuuliza mbona hazikai pamoja. Akaniambia mama yake hakuwahi kuzitundika, naye hakutaka kuanzisha maneno.

#6 Mchuzi wa Pweza
Kwa hiyo nchi nzima haina jengo lingine, wakaona wateke sehemu ambayo akina mama wanapokea hela. Hawa jamaa siasa walisomea wapi?

#7 Otieno wa Mamboleo
Wakubwa, mnazunguka tu. Msomaji wa Usiku #3, hizo ndoa za mishumaa ni tamu kusoma lakini hazijazi kura. Kilichogeuza watu ni kulazimishwa kwenda vitani.

Machi 1918 Wajerumani wanavunja mstari kule Ufaransa. London inapanic, Aprili inapitisha sheria ya kuruhusu vijana wa Ayalandi wachukuliwe jeshini kwa nguvu. Hapo ndipo kila mtu alisimama. Maaskofu Wakatoliki wakapinga wazi. Jumapili ya tarehe 21 Aprili watu wakatia sahihi kiapo kwenye milango ya makanisa nchi nzima. Tarehe 23 mgomo mkuu, treni hakuna, baa zimefungwa, na ukisikia baa zimefungwa Ayalandi ujue mambo ni serious. Hata wabunge wa chama kikongwe waliondoka London kurudi nyumbani, kumaanisha wamekubali kwamba Sinn Féin walikuwa sahihi miaka yote kususia bunge lile.

Mama ambaye 1916 alizomea, 1918 anaambiwa leta na huyo mdogo aliyebaki. Hesabu yake inabadilika.

#8 Hesabu Hazidanganyi
Otieno #7 kasogea karibu, ila bado nyote mnadhani watu walibadili mawazo. Mimi nasema watu wenyewe walibadilika.

Uchaguzi mkuu wa kabla ya hapo ulikuwa Desemba 1910. Miaka minane! Katikati, mwaka 1918, sheria mpya ikawapa kura karibu wanaume wote wazima na wanawake waliotimiza miaka 30 wenye sifa fulani. Wapiga kura wa Ayalandi wakapanda kutoka kama laki saba mpaka karibu milioni moja na laki tisa. Wengi waliopiga kura Desemba 1918 walikuwa wanapiga kwa mara ya kwanza maishani. Chama kikongwe kilikuwa na wapiga kura wake wa zamani, wenye mashamba na maduka. Vijana na vibarua hawakuwahi kuulizwa.

Na hivyo viti 73 visiwatishe. Majimbo 25 Sinn Féin walipita bila kupingwa, na kwenye majimbo yaliyopigiwa kura walipata kama asilimia 47. Mfumo wa anayeongoza anachukua kiti ndio uliwanenepesha.

#9 Msomaji wa Usiku
Hesabu #8, hoja nzuri lakini ina tundu. Chaguzi ndogo za 1917 zilifanyika kwa daftari la zamani, wapiga kura walewale wenye mashamba na maduka. Februari, Roscommon Kaskazini, anashinda baba yake Joseph Plunkett, yule wa mshumaa. Mei, Longford Kusini, anashinda mfungwa aliyekuwa bado yuko jela Uingereza, kampeni ikiwa ni "mchague atoke". Julai, Clare Mashariki, Éamon de Valera, kamanda wa waasi aliyenusurika kupigwa risasi. Daftari halijabadilika, sheria ya kuwapeleka vijana vitani bado haipo. Kilichokuwepo ni makaburi.

#10 Hesabu Hazidanganyi
Longford Kusini alishinda kwa kura 37. Thelathini na saba! Na mwanzoni mwa 1918 Sinn Féin wakapigwa mfululizo: Armagh Kusini, Waterford, Tyrone Mashariki. Kama makaburi yalikuwa yanapiga kura, mbona miezi hiyo yalilala? Aprili ndiyo ikaja sheria ya Otieno.

#11 Fundi Sahihisho
Waterford usiiweke kwenye fungu hilo. Ilikuwa ngome ya Redmond binafsi, amefariki Machi 1918, aliyesimama ni mwanawe, tena akiwa na sare ya jeshi. Ile ilikuwa rambirambi. Na Armagh na Tyrone ni Ulster, kule kaskazini, siasa za kule zina mambo yake.

#12 Hesabu Hazidanganyi
Kila jimbo lisilokubaliana na nyie "lina mambo yake".

#13 Bi Mwanaidi wa Vuga
Assalaam alaykum. Mimi vita vya kura nawaachia wenyewe. Mnajua kwamba kwenye bustani ya St Stephen's Green, waasi wakiwa ndani na askari wa Kiingereza juu ya hoteli ya jirani, risasi zilisimamishwa kila siku ili mtunza bustani apite kuwalisha bata? Anaingia na makombo yake, bata wanakula, anatoka, wanaanza tena kuuana.

Na saa ya Dublin wakati ule ilikuwa nyuma ya saa ya London kwa dakika 25. Oktoba mwaka uleule serikali ikaifuta, saa zikalinganishwa. Basi mkisoma vitabu viwili vinavyopishana muda, msigombane.

#14 Mchuzi wa Pweza
Bata walikuwa na kinga ya kidiplomasia. Raia je?

#15 Nesi wa Cork
Raia hawakuwa nayo. Wiki ile walikufa watu kama 485, zaidi ya nusu raia wa kawaida, watoto wapatao 40 wakiwemo. Baadhi ya watoto walikuwa wametoka kuchukua peremende kwenye maduka yaliyovunjwa. Watu wa vyumba vya kupanga waliingia maduka ya barabara kuu, wakatoka na viatu, kofia za manyoya, watoto wamejaza pipi mifukoni.

Na hapa ndipo naachana kidogo na Msomaji. Kabla ya Kilmainham kulikuwa na mtaa wa North King Street. Askari waliingia nyumba kwa nyumba wakaua wanaume 15 ambao si waasi. Tena kulikuwa na Francis Sheehy-Skeffington, mwandishi, mtu wa amani, aliyetoka kwenda kuwasihi watu waache kuiba madukani. Askari wakamkamata, kesho yake asubuhi afisa mmoja, Kapteni Bowen-Colthurst, akaamuru apigwe risasi pamoja na waandishi wengine wawili. Mjane wake hakunyamaza, akalifikisha mpaka kwa waziri mkuu, na baadaye akazunguka Marekani akilieleza. Waliouawa Kilmainham walishika silaha, mtu mwenye ubishi angeweza kusema walijua. Hawa wa North King Street walikuwa majirani wa walewale waliozomea.

#16 Kitenge cha Likasi
Jambo bandugu. Mimi niko wa Likasi, Kongo. Nafuata hii mazungumzo tangu mwanzo na naona mumesahau mutu moja: Roger Casement. Huyo alizaliwa Dublin, akakuwa konsuli wa Waingereza kwetu, Boma. Mwaka 1903 akapanda mto, akaandika mambo ya mpira na mikono yenye kukatwa, ripoti ikatoka 1904. Leopold, mufalme wa Ubelgiji mwenye kutawala Kongo, hakulala muzuri tena. Halafu mutu huyohuyo, mwenye walimupa cheo cha Sir, akaenda Ujerumani kutafuta bunduki za Waayalandi. Ijumaa Kuu ya 1916 nyambizi ikamushusha pwani ya Kerry, wakamukamata siku ileile. Meli yenye kubeba bunduki 20,000 ilizamishwa na kapiteni wake mwenyewe.

Wakamunyonga London tarehe 3 Agosti. Ni yeye wa kumi na sita kuuawa, ukiongeza kwa wale wa Mei.

#17 Kalamu ya Mbeya
Kitenge, asante sana. Alifika mpaka huko kwenu Katanga?

#18 Kitenge cha Likasi
Hapana. Safari ya ripoti ilikuwa upande wa Équateur, kule hawasemi Kiswahili. Lakini Waayalandi wengine walifika kwetu kabisa. Septemba 1961, askari wao wa Umoja wa Mataifa kama 155 walikuwa hapa, wakati huo mji unaitwa Jadotville. Gendarmerie ya Tshombe, mukubwa wa Katanga yenye kujitenga, na mamluki wakawazunguka siku tano. Hakuna Muayalandi aliyekufa, lakini maji yaliisha, risasi ziliisha, Komanda Quinlan akasalimisha. Baba yangu mukubwa alikuwa kijana, alikumbuka foleni yao wakipandishwa kwenye mabasi, ngozi imekuwa nyekundu ya jua, mumoja anaomba maji kwa alama ya mukono.

Sasa sikieni: kwao hawakupokelewa kama mashujaa. Waliambiwa ni watu wa kuinua mikono. Serikali yao iliwapa heshima kamili 2016, wengi wamekwisha kufa. Mwaka moja mbele ya hiyo ya Jadotville, kule Niemba, tarehe 8 Novemba 1960, doria ya watu 11 iliviziwa na Baluba, tisa wakafa. Hao, Dublin nzima ilisimama barabarani kuwazika. Njo mimi nauliza: ile nchi inapenda tu wenye kufa?

#19 Msomaji wa Usiku
Kitenge, umenisaidia bila kukusudia. Waliosalimu amri Jumamosi ya Pasaka walizomewa. Waliokufa Mei wakaombewa misa, picha zao zikauzwa kama kadi. Watu walewale! Tofauti ni risasi za Maxwell.

#20 Otieno wa Mamboleo
Na Maxwell mwenyewe alilijua hilo. Alikataa familia zipewe maiti, akawazika kwenye shimo moja Arbour Hill, juu yake chokaa, ili pasiwe na kaburi la kuhiji. Sisi Wakenya hii picha tunaijua. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na mpaka leo familia inatafuta kaburi. Casement angalau walimrudisha 1965, de Valera akiwa rais, mzee wa miaka 82, madaktari wamemkataza kutoka kwenye baridi, akaenda mazikoni hivyohivyo.

#21 Fundi Sahihisho
Ila hakuzikwa alikotaka. Casement aliomba Murlough Bay, Antrim, ambayo ni Ireland ya Kaskazini. London iliruhusu kwa sharti azikwe upande wa Jamhuri, ndiyo yuko makaburi ya Glasnevin, Dublin.

#22 Mchuzi wa Pweza
Tukiwa kwa de Valera: huyu si alinusurika kwa sababu ni Mmarekani?

#23 Fundi Sahihisho
Alizaliwa New York, ndiyo, na hadithi hiyo inapendwa. Lakini Tom Clarke naye alikuwa raia wa Marekani, mbona alikuwa kati ya watatu wa kwanza kupigwa risasi? De Valera aliokolewa zaidi na kalenda. Zamu yake ilipofika, waziri mkuu Asquith alikuwa ameshaanza kumbana Maxwell apunguze, na bado hakuwa mtu maarufu.

#24 Mchuzi wa Pweza
Ngoja nihesabu. De Valera kazaliwa New York. Connolly kazaliwa Edinburgh. Clarke kazaliwa Uingereza. Baba yake Pearse Mwingereza. Hawa Waayalandi wenyewe walikuwa wapi?

#25 Nesi wa Cork
😂 Walikuwa Ufaransa, nimeshakwambia.

#26 Bi Mwanaidi wa Vuga
Na wanawake mmewapitia juu juu. Aliyebeba kitambaa cheupe kwenda kwa Waingereza, risasi zikiwa bado zinalia, ni nesi Elizabeth O'Farrell. Itafuteni picha ya Pearse akisalimu amri mbele ya Jenerali Lowe. O'Farrell yuko upande wa pili wa Pearse, kafichika, zinaonekana tu nguo na viatu vyake. Kuna matoleo ya picha hiyo ambayo hata hivyo viatu vilifutwa. Na Constance Markievicz, aliyekuwa pale bustanini kwa bata, 1918 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la Uingereza, akiwa gerezani, na hakwenda kukalia kiti.

#27 Kalamu ya Mbeya
Bi Mwanaidi, viatu hivyo nimeviona sasa hivi. Mmoja aliyeichapa picha hata hakufuta vizuri, Pearse kabaki na kivuli cha ajabu miguuni.

Turudi kidogo. Nauliza wenye hoja ya makaburi na wenye hoja ya jeshi: kuna mtu aliyesema wakati uleule kwamba upepo umegeuka, kabla ya 1917?

#28 Msomaji wa Usiku
John Dillon, naibu wa Redmond, tarehe 11 Mei 1916, Connolly bado hajauawa. Alisimama bungeni London akawaambia Waingereza kwamba wanaiosha kazi yote ya maisha yake kwa bahari ya damu, wakamzomea. Na Askofu O'Dwyer wa Limerick, ambaye Maxwell alimwandikia akitaka awaadhibu mapadri wawili, alimjibu kwa barua iliyosambaa nchi nzima. Mei hiyohiyo.

#29 Otieno wa Mamboleo
Dillon huyo mwenyewe 1918 alishindwa kwenye jimbo lake, Mayo Mashariki, na de Valera. Kuona mvua inakuja na kunyeshewa ni vitu viwili.

#30 Hesabu Hazidanganyi
Wote wawili bado hamjanijibu kuhusu majimbo 25. Kerry, palepale aliposhushwa Casement, majimbo yote manne hakuna aliyethubutu kuchukua fomu. Hapo hakuna kura hata moja iliyopigwa. Mtajuaje watu wa Kerry walikuwa na makaburi kichwani, au jeshi, au chama kikongwe kilikuwa kimeshakufa chenyewe kwa uzee na nauli ya mgombea imekosekana?

#31 Kitenge cha Likasi
Au walikuwa na woga?

#32 Nesi wa Cork
Kitenge, hilo usiliulize kwenye baa za Kerry. Niko zamu ya usiku, nikitoka asubuhi nitaandika kuhusu kambi ya Frongoch kule Wales, walikofungwa zaidi ya 1,800 pamoja. Huko ndiko Michael Collins alikojuana na nusu ya jeshi lake, na hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja.